Kamera ya Video ya Nyumbani: Tuanze na Sauti, Kisha Picha



Kila sikukuu zinapokaribia, na kila msimu wa ndoa unapowadia, swali moja hutufikia kutoka kwa wazazi wa rika zote: ni kamera gani ya video inayofaa kununuliwa kwa ajili ya nyumbani? Anayeuliza huwa ameshapita madukani, ameona maboksi yenye namba kubwa kubwa, amesikia sifa kutoka kwa wauzaji, na amerudi nyumbani akiwa na mashaka zaidi kuliko alivyoondoka. Wiki hii tumeona ni vyema tulijibu swali hili kwa urefu, kwa kuwa fedha inayotumika si haba, na kwa kuwa kinachonunuliwa hasa ni ukumbusho ambao wajukuu watakuja kuurithi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Kamera nzuri ya nyumbani ni ile yenye sifa nne: inasikia vizuri, inaona vizuri ndani ya nyumba zetu, inatoa kumbukumbu itakayofunguka baada ya miaka ishirini, na yaliyomo ndani yake yanabaki mikononi mwa wenyewe. Sifa nyingine zote ni nyongeza, na mara nyingi nyongeza hizo ndizo zinazopandisha bei. Tuzieleze sifa hizi moja baada ya nyingine, lakini kwanza tutazame yaliyotangulia, maana yana funzo.

Kanda zilizomo kabatini

Kamera ya kwanza ya matumizi ya nyumbani iliyounganisha jicho la kupigia picha na mtambo wa kurekodi katika chombo kimoja, Betamovie ya kampuni ya Sony, iliingia sokoni mwaka 1983. Ilibebwa begani, na iliweza kurekodi tu. Aliyetaka kutazama alichokirekodi alilazimika kuitoa kanda na kuitia katika deki. Mwaka 1985 zikaja kanda ndogo za milimita 8. Mwaka 1995 zikaja kanda za kidijitali za MiniDV. Mwaka 2006 kampuni za Sony na Panasonic zikatangaza mfumo wa AVCHD, na kidogo kidogo kadi ndogo ya kumbukumbu ikaiondoa kanda kabisa.

Hapa Tanzania historia hiyo ilikuwa na sura yake. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, ilhali Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Kwa hiyo ziko familia nyingi za Bara zilizokuwa na deki sebuleni kabla nchi haijarusha matangazo yake. Kanda za ndoa, za maulidi na za kuwapokea mahujaji uwanja wa ndege zilirekodiwa kwa wingi, zikatazamwa, zikaazimwa, kisha zikaishia kabatini. Nyingi bado zimo humo.

Mwezi Julai mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuwa inatengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo. Hapo ndipo lilipo funzo letu la kwanza. Kanda yaweza kuwa nzima na mashine ya kuisoma ikawa haipatikani. Nayo kanda yenyewe haidumu milele: ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na kadiri miaka inavyokwenda gundi inayoushika unga huo hulegea. Kwa wenzetu wa pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Mtwara, unyevu wa hewa huharakisha uharibifu na kuleta kuvu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kununua kamera mpya, fungua kabati. Zitoe kanda za zamani na uzitazame kupitia kidirisha chake. Ukiona vumbi jeupe au madoa kwenye utepe, hiyo ni kuvu; usiitie kanda hiyo kwenye deki, kwani utepe waweza kuchanika, na deki itaambukiza kanda nyingine. Mpelekee fundi mwenye kujua kusafisha. Zilizo salama zihamishiwe kwenye kompyuta sasa, wakati deki nzima na mafundi wake bado wanapatikana. Huenda fedha uliyoiandaa kwa ajili ya kamera ikafaa zaidi kutumika kwanza hapo, kwa sababu arusi ya mwaka ujao bado itarekodiwa, lakini ya mwaka 1991 hairudi.

Simu au kamera?

Wapo watakaosema: simu zetu zinarekodi vizuri, kamera ya nini? Hoja hiyo ina uzito, na hatuipingi moja kwa moja. Simu nzuri ya leo, hasa katika mwanga hafifu, huishinda kamera ndogo ya bei ya chini. Familia isiyo na uwezo wa kununua kamera isijione imepungukiwa. Mengi tutakayoyaeleza hapa yanafaa pia kwa simu.

Hata hivyo kamera ina fadhila zake. Haikatizwi na simu inayoingia wakati babu anasimulia. Betri yake, katika kamera nyingi, hutolewa na kutiwa nyingine. Lenzi yake huweza kuvuta kwa kweli, ili mtoto anayesoma Qurani jukwaani siku ya mahafali ya madrasa aonekane uso hata mzazi akiwa ameketi safu ya nyuma. Aidha simu hupotea, huibiwa na hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na mara nyingi kumbukumbu za familia huondoka nayo.

Fadhila kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye boksi. Kamera ya kawaida haina makundi ya kutumiana picha. Kilichorekodiwa hukaa kwenye kadi, na kadi ni kitu unachokishika mkononi na kukifungia kabatini. Kwa familia inayojali sitara yake, jambo hili pekee laweza kuwa sababu ya kutosha ya kununua.

Sikio kabla ya jicho

Katika kazi yetu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, mojawapo ya majukumu ni kuandika matangazo ya misiba. Mazishi yakishapita na watu kutawanyika, hutokea mara kwa mara mtoto wa marehemu akaja ofisini na kuuliza, kwa sauti ya chini, kama tuna rekodi ya darsa lolote la zamani ambamo baba yake anasikika akiuliza swali. Picha za baba anazo: za ndoa, za kitambulisho, za safari ya Hija. Anachokitafuta ni sauti. Mara nyingine tunampatia sekunde kumi au kumi na tano za darsa la Ramadhani, mzee akimuuliza sheikh juu ya zaka ya mazao, na tumeona watu wazima wakilia kwa swali hilo la zaka.

Hii ndiyo sababu tunasema kamera ichaguliwe kwa sikio kabla ya jicho. Picha yenye ukungu hutazamika. Maneno yasiyosikika hayana msaada. Maiki iliyojengwa ndani ya kamera hukaa pale ilipo kamera, wala haikai pale alipo msemaji. Katika eneo la wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo. Bibi aliyeketi mita nne kutoka kwenye kamera humfikia msikilizaji kwa nguvu ya sehemu moja tu ya kumi na sita ukilinganisha na aliyeketi mita moja. Nafasi iliyobaki hujazwa na feni, jokofu na watoto wanaocheza uani. Zumu huuleta uso wake karibu, lakini sauti yake haiji nayo.

Basi jambo la kwanza la kutafuta kwenye kamera ni tundu la maiki la milimita 3.5. Kamera nyingi za bei ya chini hazina tundu hilo, na hakuna fundi atakayeliongeza baadaye. Likiwepo pia tundu la hedifoni ni bora zaidi, ili anayerekodi asikie kile hasa kinachoingia. Kisha nunua maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye kola au kwenye ukingo wa mtandio. Angalia pini yake: maiki za simu zina pini yenye mistari mitatu, na za kamera zina mistari miwili. Ukichanganya, kamera yaweza isirekodi sauti yoyote, nawe usijue mpaka bibi amemaliza kusimulia na kwenda kulala.

Aliye na kamera isiyo na tundu asikate tamaa. Aiweke simu, ikiwa inarekodi sauti peke yake, karibu na msemaji, kando ya kikombe cha chai. Mwanzoni mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kijana yeyote anayejua kuhariri video ataitumia sauti ya kofi hilo kuilinganisha sauti ya simu na picha ya kamera. Kuzima feni na kuliondoa jokofu kwenye umeme kwa nusu saa nako hakugharimu kitu.

Mwanga wa nyumba zetu

Kamera hujaribiwa dukani chini ya taa nyingi, kisha hutumika sebuleni chini ya taa moja. Kamera ndogo zenye zumu ndefu huwa na kihisi kidogo cha picha; mchana hupendeza, na usiku picha hujaa chembechembe. Kati ya kamera mbili za bei moja, yenye kihisi kikubwa zaidi ndiyo itakayokufaa ndani ya nyumba. Hata ukipata iliyo bora, mketishe mzee akiuelekea mlango au dirisha, asilipe kisogo, maana mwanga ukiwa nyuma yake uso hugeuka kivuli.

Lipo jambo jingine linalowasumbua wengi bila kulijua chanzo chake. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za mirija, pamoja na baadhi ya taa za LED, huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila jicho kutambua. Marekani umeme wao ni wa mizunguko 60, na kamera za soko hilo hupangwa kurekodi fremu 30 au 60 kwa sekunde. Kamera hiyo ikikutana na taa zetu, picha huweza kupigapiga au kupita mistari. Wako ndugu zetu walioko huko wanaotuma kamera kwa nia njema, na wapokeaji wakadhani ni mbovu. Tazama kwenye mipangilio kama inaruhusu kuchagua PAL au 50. Ikiruhusu, weka fremu 25 au 50. Isiporuhusu, weka kasi ya shata kwenye 1/50 au 1/100, kama kamera ina uchaguzi huo. Chaja nayo isomwe kabla ya kuchomekwa: iwe imeandikwa volti 100 hadi 240, kwani iliyo ya volti 110 au 120 peke yake itaungua kwenye umeme wetu.

Namba za kwenye boksi

Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye boksi ni ya zumu, na mara nyingi ndiyo namba isiyo na faida. Zumu ni za aina mbili. Ya lenzi huvuta kwa vioo, na picha hubaki safi. Ya kidijitali huikata picha na kuitanua, kama mtu anayelisogelea gazeti mpaka akaona vitone vya wino. Boksi likijigamba kuwa kamera huvuta mara mamia kadhaa, tafuta maandishi madogo yanayotaja zumu ya lenzi. Mara 10 hadi 30 zinatosha mahitaji ya familia yoyote. La muhimu zaidi ni upana. Vyumba vyetu ni vidogo na watu ni wengi, hivyo lenzi inayoanzia kipimo cha milimita 28 au chini ya hapo, kwa kulinganishwa na kamera za filamu ya milimita 35, itawaingiza wote waliozunguka sinia. Inayoanzia milimita 40 itakulazimisha kusimama mlangoni.

Namba ya pili ni ya ukali wa picha. Full HD ina nukta 1920 kwa 1080. 4K ina nukta 3840 kwa 2160, yaani mara nne. Wengi hudhani kubwa ndiyo bora bila kujiuliza itahifadhiwa wapi. Tufanye hesabu. Full HD ya megabiti 24 kwa sekunde hula takriban GB 11 kwa saa moja, hivyo kadi ya GB 32 huchukua karibu saa tatu. 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa, na kadi hiyo hiyo hujaa kabla ya dakika 45 kutimia. Familia isiyo na kompyuta yenye nguvu wala diski kubwa itajikuta inafuta ya jana ili irekodi ya leo. Kwa nyumba nyingi, Full HD yenye sauti safi ni bora kuliko 4K yenye sauti ya feni.

Kadi iwe ya daraja la 10, na inunuliwe mahali pa kuaminika, kwani kadi bandia ni nyingi sokoni. Zipo zinazosomeka GB 128 na ndani yake hazifikii hata GB 16. Hupokea kila kitu kwa utulivu na kupoteza kilichozidi. Ijaze yote kwa majaribio kabla ya siku ya shughuli, kisha uangalie kama rekodi ya mwisho inafunguka.

Baada ya kurekodi, usiiache kumbukumbu kwenye kadi peke yake. Desturi nzuri ni nakala tatu: mbili nyumbani katika vyombo viwili tofauti, na moja katika nyumba nyingine, kwa shangazi au kaka, ili moto au mwizi wa nyumba moja asichukue zote. Pendelea kamera inayorekodi kwa mfumo wa MP4, unaofunguka karibu kila mahali. Kila baada ya miaka mitano au zaidi kidogo, hamishia nakala kwenye diski mpya. Kamera yenyewe ihifadhiwe katika chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, maana kuvu ya pwani hula lenzi kama ilivyokula kanda.

Kilichomo ndani ni amana

Masheikh wametofautiana juu ya picha za kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuzihalalisha. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia alizikataza kwa viumbe wenye roho isipokuwa kwa dharura. Kila familia na ifuate mwongozo wa sheikh inayemwamini, na asiyetaka kurekodiwa aheshimiwe bila kudhihakiwa wala kubembelezwa mbele za watu. Anayeona uzito kwenye picha anaweza kurekodi sauti peke yake, na akawa amehifadhi sehemu iliyo bora.

Lililo wazi kwa wote ni sitara. Suratun-Nur imetufunza kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba za watu, na imewafunza hata watoto wa nyumba nyakati tatu ambazo wataomba ruhusa. Kamera ni jicho linaloingia ndani na kutoka na kile lilichokiona. Nayo iombe ruhusa.

Kwa miaka mingi shughuli za akina mama, ambamo mabinti wamejipamba na vichwa viko wazi, zimerekodiwa na wapigapicha wa kukodi, kisha kanda au kadi ikapelekwa studio kuhaririwa na vijana ambao hakuna anayewajua. Nakala hutoka bila mwenyewe kujua. Familia yenye kamera yake inaweza kumkabidhi shangazi au binamu wa kike akarekodi, kadi ikarudi mkononi mwa mama wa bibi arusi usiku huo huo. Faida hii ina thamani kuliko zumu yoyote.

Kwa ajili hiyo tunashauri kamera inayorekodi kwenye kadi peke yake kuliko yenye kumbukumbu ya ndani. Kamera yenye kumbukumbu ya ndani ikiuzwa au ikipelekwa kwa fundi, huenda na yaliyomo. Na kufuta kwa kawaida hakutoshi, kwa kuwa ziko programu za kurejesha vilivyofutwa. Kadi waweza kuitoa, na ikibidi waweza kuivunja.

Jaribio la dukani

Gawanya fedha yako kabla ya kuondoka nyumbani. Usiimalize yote kwenye kamera. Bakiza ya maiki, kadi mbili, betri ya akiba na stendi ya miguu mitatu. Ukifika dukani, chukua kadi yako mwenyewe. Mwombe mwenzako asimame mita tatu mbele yako na ahesabu moja hadi kumi kwa sauti ya kawaida. Tembea hatua tano ukiwa unarekodi, uone kama kituliza mtikisiko kinafanya kazi. Vuta zumu ya lenzi hadi mwisho na usikilize kama mlio wa mota unaingia kwenye rekodi. Elekeza kamera kwenye kona yenye giza. Uliza kama betri zake bado zinatengenezwa, hasa ikiwa kamera imetumika. Kisha rudi na kadi nyumbani, utazame kwenye televisheni yenu pamoja na familia. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika tano amekwisha kukujibu.

Siku ya kwanza ya kurekodi

Kamera ikishafika, usingoje arusi. Arusi zitarekodiwa na wengi. Rekodi Jumapili ya kawaida: mama akikuna nazi na kuelekeza namna ya kulichuja tui, baba akimfundisha mtoto kusoma alifu kwa kijiti, bibi akiwaita watu kwenye chakula kwa namna anavyowaita yeye. Weka kamera kwenye stendi, iache itulie sekunde kumi au zaidi kabla ya kuihamisha, na aliyeshika kamera asiseme juu ya maneno ya wengine.

Mwulize mzee maswali mafupi kisha unyamaze. Alizaliwa wapi, na kijiji kiliitwaje wakati huo? Nani alimfundisha Qurani? Posa yake ililetwa na nani, na mahari ilikuwa kiasi gani? Mababu walitoka wapi, na majina yao ni yapi hadi anapokomea? Akinyamaza, nawe nyamaza. Mara nyingi jambo lenyewe huja baada ya kimya. Nusu saa yatosha kwa siku moja, kwani wazee huchoka, na rekodi fupi nne ni bora kuliko moja ndefu iliyokatizwa na usingizi.

Na kila mara, baada tu ya kubonyeza kitufe, tamka kwa sauti tarehe, mahali, na majina kamili ya waliopo, jina la mtu na la baba yake na la babu yake. Wengi tunazo kanda ambamo watu wamejaa sebuleni wakicheka, na hakuna aliye hai anayeweza kusema wale wawili walioketi karibu na mlango walikuwa akina nani. Tarehe ya kwenye kamera hukosewa na majina ya mafaili hubadilika, lakini jina lililotamkwa kwa sauti litabaki pamoja na picha maadamu picha ipo.

Wabillahi tawfiq.